Mgeni Aliyekataa Kuliweka Jembe Chini

Mwalimu Mstaafu Bujiku,
Didia,
Shinyanga Vijijini.

Kwa Bi. Euphrasia,
Mratibu wa Wanafunzi kutoka Nje,
Chuoni, Shinyanga Mjini.

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA NYUMBANI KWANGU MWANAFUNZI ANAYENIZIDI ADABU

Ndugu Mratibu,

Marahaba. Naitikia mapema kwa sababu najua ukiuona mwandiko huu utaniamkia, hata kama uko peke yako ofisini. Mtoto niliyemfundisha darasa la nne hawezi kusahau mwandiko uliokuwa ukimsahihishia insha. Sisi hapa Didia hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao ndio hasa wenye malalamiko haya. Mimi nimeushikia kalamu tu.

Utakumbuka kwamba Novemba iliyopita ulituletea binti aitwaye Sunniva, kutoka Norwei, aje akae kwetu akijifunza namna watu wanavyolima mahali penye mvua za kubahatisha. Siku aliyofika mvua ilinyesha, ya kwanza ya msimu, hivyo mke wangu Scolastika akampa jina la Kabula, kama tunavyowaita wasichana wanaokuja na mvua. Sikuwa na neno. Nilidhani nimepokea mwanafunzi. Sasa mwezi huu ukiisha anarudi kwao, nawe umeniandikia kwa upole kuuliza kama nina lolote la kusema juu yake. Ninalo. Naomba uje umchukue sasa hivi, usingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu zifuatazo.

1. Jembe. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na unajua pia jinsi jambo hilo linavyofanyika kwa watu wenye akili zao. Asubuhi ya siku ya tatu mwenyeji anamkabidhi mgeni jembe, mgeni anacheka, mwenyeji anacheka, jembe linarudi ukutani, kuku anachinjwa. Shemeji yangu Mwigulu wa Kagongwa amekuwa akikabidhiwa jembe hilo tangu nimuoe dada yake, na mikononi mwake halijawahi kugusa udongo. Kabula alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akashukuru, akauliza shamba liko upande gani. Nikadhani anaunogesha utani. Nikamwonyesha kwa kidevu. Jua lilipofika utosini alikuwa bado yumo shambani, mwekundu kama nyanya, na kuku wake amepoa mezani.

Sasa niambie, ni mwenyeji gani atakaa kivulini huku mgeni wake analima? Nami nikachukua jembe. Tangu siku hiyo sijapumzika. Serikali ilinistaafisha kwa barua na keki. Binti huyu amenirudisha kazini bila hata kuniuliza.

2. Salamu. Huko chuoni mlimfundisha kwamba huku kwetu hupiti mtu bila kumsalimu. Vyema. Hamkumfundisha kwamba salamu ina majibu yake, na kwamba mtu akiulizwa habari za nyumbani husema nzuri hata kama paa limeezuliwa na upepo. Yeye akishakuuliza anasimama, anangoja, anakutazama usoni mpaka useme kweli. Mzee Maganga, jirani ambaye miaka yote tulipungiana mikono tu na tukaridhika, aliulizwa hali, akateleza akataja goti. Kesho yake akaulizwa goti linaendeleaje. Leo Maganga anafika kwangu kila jioni kutoa taarifa ya goti na kunywa chai yangu. Goti lenyewe limeshapona. Tumehamia kwenye habari za marehemu mkewe, jinsi walivyokutana mnadani wakigombea ng'ombe mmoja. Nakiri ni habari tamu. Lakini sikuomba kuzijua.

Na akitumwa chumvi dukani, husalimu kwenda na kusalimu kurudi. Mboga huiva, ikaliwa, na sahani zikaoshwa, chumvi bado iko njiani.

3. Mvua. Kwa ajili ya masomo yake alifunga kwenye nguzo, karibu na choo, chombo cha kupimia mvua, na kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki huenda kukichungulia na kuandika. Watu wamelichukua jina lake, wakaliunganisha na chombo hicho, wakapata jibu lao. Februari mvua ilipokatika, mama mmoja alinivuta pembeni baada ya misa akasema taratibu, "Mwalimu, kama kuna mtu kamkwaza binti, muombeni radhi. Karanga zetu zinakauka." Mimi niliyefundisha sayansi maisha yangu yote nilicheka sana. Kisha nikaenda nyumbani nikamuuliza Kabula kama kuna mtu aliyemkwaza. Akasema hakuna. Jioni ikanyesha. Naomba usiniulize zaidi juu ya kipengele hiki.

4. Mlango wa jiko. Urefu wa binti hamkuutaja kwenye barua. Mlango wa jiko letu ulijengwa kwa kimo cha Scolastika, na Kabula aliugonga kwa paji la uso asubuhi, mchana na jioni. Nyumba nzima ikawa na wimbo mmoja, "Inama, ng'wana wane, inama," yaani inama mwanangu, naye akawa anainama akiwa ameshagonga. Nikaona aibu mtoto wa watu arudi kwao na nundu. Nikabomoa ukuta kidogo, nikaupandisha mlango.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Didia yote ikasema Mwalimu anajenga. Na kama Mwalimu anajenga, basi mwanawe Enock, aliyeko kwenye machimbo ya Geita, duara lao limetema dhahabu. Duara la kina Enock, Ndugu Mratibu, ni shimo ambalo mpaka sasa limetema vumbi tu. Lakini nani aliuliza? Mwigulu alifika kutoka Kagongwa na jogoo mkononi, yeye ambaye hajawahi kuja na kitu isipokuwa njaa. Ndugu zetu wa Kahama, wanaotukumbuka wakati wa mavuno tu, walitukumbuka Machi. Uvumi ukafika Geita, na Enock mwenyewe akapanda basi kuja kuuliza ni utajiri gani huo ambao yeye hakushirikishwa.

Hapa naomba niseme bila mzaha. Enock hakuwa amekanyaga nyumbani Krismasi mbili mfululizo. Tuligombana siku alipoacha chuo cha ufundi akaenda machimboni, na tangu hapo kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake aanze. Alifika amekunja uso, akanikuta kwenye matuta ya viazi, nimelowa jasho, nimeongozana na Mzungu. Akaduwaa. Kabula akamsalimu, akamuuliza hali, akangoja. Enock akaanza kusema nzuri, kisha akasema, "Hali si nzuri, dada." Mimi nilikuwa nimeinama, nikabaki nimeinama, maana machozi ya mzee hayaonyeshwi watoto. Akavua viatu, akachukua jembe la mama yake, akaingia kwenye tuta la pembeni yangu. Tukayamaliza matuta yetu sambamba.

Yupo mpaka leo, na anakula kupita kiasi. Naliorodhesha jambo hili miongoni mwa hasara.

5. Kifungua kinywa. Kwa heshima ya mgeni tulikuwa tunaagiza mkate kutoka mjini. Kabula aligundua michembe ya Scolastika, yale makopa ya viazi vitamu aliyoyaficha ili mgeni asijue tunakula nini tukiwa peke yetu. Sasa hataki kitu kingine asubuhi ila michembe na karanga, na kila anayemtembelea anakaribishwa michembe. Mwalimu mkuu mstaafu natangazwa mpaka ng'ambo kwamba namlisha mgeni chakula cha kiangazi. Mkate ulipata ukungu, tukawapa bata.

6. Mke wangu na kijiji kwa jumla. Scolastika amepata kipimo kipya. Nikichelewa kuamka, naambiwa, "Baba Enock, hata Kabula keshaamka." Nikikataa uji, Kabula amekunywa. Nikisema jua kali, Kabula katoka kwenye barafu na halalamiki. Katekista naye alimtaja kanisani, huku ananitazama mimi.

Ila lililovuka mpaka ni la msiba. Jirani yetu Nelly alipofiwa na mama yake, wanawake walienda kuchota maji kama ilivyo desturi. Kabula akajitwika ndoo, nusu ikammwagikia mwilini, akaifikisha nusu, akarudi kuchota tena. Mwenyekiti wa akina mama, Bi. Vumilia, akasema mbele ya watu wote kwamba aliyebeba maji ya msiba si mgeni tena. Hivyo wamempangia zamu kama binti yeyote wa hapa. Sasa wewe unakuja kumchukua, zamu yake ataijaza nani? Mimi ndiye nitakayefuatwa. Wataniuliza Kabula yuko wapi, kwa sauti ileile wanayoulizia mabinti walioolewa mbali.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo:

(a) Binti huyu aondolewe upesi, kabla hatujazidi kumzoea.

(b) Mkitaka kutuletea mwanafunzi mwingine, tafadhali tuleteeni mvivu. Awe mfupi, aamke jua likiwa juu, asisalimie watu, na akipewa jembe acheke kama watu wengine.

(c) Mniandikie barua yenye mhuri, nitakayoionyesha kwa mke wangu, inayoeleza kwamba mtu akistaafu ualimu amestaafu na kilimo.

Natumaini utalishughulikia suala hili kwa haraka ileile uliyokuwa nayo kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa. Wasalimie wenzako wote ofisini, mumeo na watoto, na mama yako kama bado yuko Kagongwa. Mwambie yule ndama aliyeniuzia alikua akawa ng'ombe mkorofi. Maganga anakusalimu, na goti lake pia. Enock ndiye anayeileta barua hii kwa mkono, pamoja na kifurushi cha michembe. Usimwambie mtu kwamba michembe hiyo imetoka kwangu.

Mimi niliyekufundisha kuandika barua, na ninayetegemea jibu lisilo na makosa,

Mwl. Bujiku.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Kabula akaja. Ameliosha jembe, akanirudishia kwa mikono miwili, akapiga goti kama siku ile ya tatu. Akasema kwamba mgeni anapoondoka hurudisha alichopewa. Nikalipokea.

Shida ni moja. Ule mpini wa zamani ulikuwa unamuumiza mgongo, kwa hiyo baada ya mwaka mpya nilimchongea mwingine wa kimo chake. Nimejaribu kulimia hapa uani, unanifika kifuani. Mama Enock naye akajaribu, akacheka, kisha akaingia ndani na mpaka sasa hajatoka. Enock mwenyewe haumfai. Didia nzima hakuna mtu wa mpini huo, na jembe lenyewe likisimama ukutani halipendezi.

Nasikia mwanafunzi anaweza kuongezewa msimu mmoja, mwenyeji wake akiulizwa na akikubali. Mimi sijaulizwa. Naomba niulizwe. Kama ni lazima aende kwanza akawaone wazazi wake, aende, hiyo ni haki yao, ila Novemba mvua za kwanza zikianza mwenye jembe awe amefika.

Mlango wa jiko nimeuacha ulivyo.