Kuhusu Stempu ya Anna Mbili na Nusu, na Mama Yako

Kiuu, Ruiru
Jumatatu asubuhi

Kwa Bwana Jayant,
Duka la vitasa na rangi, Thika.

Bwana Jayant,

Natumaini hujambo na biashara inaendelea. Mimi ni Ephantus Kiama, karani mstaafu wa posta, yule mzee wa koti la kijivu unayemkuta nyumbani kwenu kila Alhamisi. Tumesalimiana mlangoni miaka mitatu bila wewe kuniuliza nafuata nini. Naandika kukueleza, na papo hapo kumshtaki mama yako mzazi, Mama Vimla, kwa kuvuruga utafiti.

Miaka mitatu iliyopita nilikuja dukani kwako kununua kitasa, na mama yako ndiye aliyekuwa akiuza. Nyuma ya kaunta nikaona bahasha ndani ya fremu, inapigwa na jua la dirishani. Ilikuwa na stempu ya mwaka 1890, ya ile kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali yao huku kwetu: jua lenye taji, wino mweusi juu ya karatasi ya njano, thamani ya anna mbili na nusu, zile pesa za Kihindi za zamani, muhuri wa Mombasa. Nimegonga mihuri juu ya stempu za watu miaka thelathini na mmoja, lakini hiyo nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Nikamwambia mama yako kwamba jua litaimaliza. Aliishusha hapo hapo, akaifunga kwa leso, akaniambia nije Alhamisi nimweleze ni kitu gani. Nilirudi Ruiru bila kitasa.

Tangu siku hiyo nimetendewa yafuatayo:

1. Kucheleweshwa. Ndani ya bahasha mna barua ya Kigujarati, kurasa nne za mwandiko wa kubanana, ambayo baba wa babu wa mama yako, karani wa Mombasa, alimwandikia mkewe aliyebaki Porbandar, India. Mtafiti makini hawezi kuithibitisha stempu bila kujua barua ilitumwa lini na kwa nini. Mama yako hunitafsiria mstari mmoja kwa Alhamisi moja, na Alhamisi nyingine hasomi kabisa. Nilimnunulia kioo cha kukuzia herufi. Anachagulia dengu.

2. Kulishwa. Sheria ya kwanza ya stempu ni mikono mikavu na meza tupu. Meza ya kwenu ina chai ya tangawizi, vitafunio vya chevda, na kachori zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi. Nikikataa, bahasha haitoki kabatini. Binti yangu Kui, anayeishi Membley, amenipanulia suruali mbili, na ameanza kuuliza ni utafiti gani huu unaomnenepesha mtu.

3. Kuchokolewa. Kwenu mlisimuliwa kuwa mwandishi wa barua alimsahau mkewe, na mke huyo akavuka bahari kumfuata bila kuitwa. Barua ilikaa ndani ya fremu miaka yote hiyo na hakuna aliyeitoa kuisoma. Kumbe alimwita. Mstari wa kumi na tisa unamwambia aje, na muhuri wa Bombay ulio nyuma ya bahasha unaonyesha kwamba barua ilifika India. Nilipomwonyesha mama yako muhuri huo alilia, nami nikalazimika kuweka chini kibanio changu cha kushikia stempu. Katalogi zote nilizo nazo hazisemi mtafiti afanye nini mwenye bahasha akilia. Alipotulia akaniuliza habari za marehemu mke wangu, Magdalene. Nikajikuta namsimulia wiki ile ya mwisho hospitalini, mambo ambayo hata Kui sijawahi kumwambia. Jambo hilo, ambalo halihusiani na stempu hata kidogo, lilikula Alhamisi tatu.

4. Kuhamishwa. Alhamisi iliyopita mama yako alinijulisha kwamba wewe na dada yako Falguni mmeamua aende Leicester, Uingereza, akaishi huko kwa Falguni kuanzia mwezi ujao. Nikamuuliza yeye mwenyewe amesemaje. Akanijibu huku anakunja leso:

"Hawakuniuliza, Ephantus. Wameniambia tu nichague masanduku mawili."

Bwana Jayant, nilitaka kuomba stempu peke yake ibaki kwangu. Lakini ukiibandua utafiti umeharibika, kwa hivyo ibaki na bahasha yake. Bahasha bila barua ni nusu ya ushahidi, kwa hivyo barua nayo ibaki. Barua ni ya Kigujarati cha zamani, na kutoka Thika mpaka Ruiru namjua mtu mmoja tu anayeweza kuisoma. Nimetafuta njia nyingine kwa nia njema kabisa, nikaikosa. Mama yako hana budi kubaki, pamoja na jiko lake na kabati lake, mpaka kazi ikamilike. Kimebaki kipande cha ukurasa wa nne. Kwa mwendo wake ni mwaka mmoja, na baada ya hapo itabidi tusome yote mara ya pili, kwa uhakika.

Wasalimie watoto. Msalimie Falguni kwa simu, ingawa bado sijamsamehe. Msalimie na yule askari wa getini, ambaye siku hizi hunifungulia kabla sijabisha.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima,
Ephantus Kiama

N.B. Saa tano hii, kabla sijaifunga barua, mama yako amefika hapa Kiuu kwa mara ya kwanza. Amepanda ngazi za orofa tatu na kuweka bahasha mezani kwangu. "Chukua," amesema. "Huko hakuna atakayeitazama." Nimeitamani stempu hiyo miaka mitatu. Nimeishika kwa kibanio, nimeitazama pande zote, nikamrudishia. Nimemwambia nina shaka na meno ya ukingo wa kushoto, huenda ni bandia, na siwezi kuipokea kabla haijachunguzwa zaidi. Si kweli. Ukingo huo hauna kasoro yoyote. Ameirudisha mkobani, akauliza kama Alhamisi bado ipo.

Malalamiko namba moja, mbili na tatu nayafuta. Namba nne nakuomba uisome tena, ukiwa umeketi naye.