Ubao wa Kituo cha Kukomboa Meli, Yeongdo

Mheshimiwa Naibu Meya, unayewakilishwa leo na dereva wako. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Manahodha Wastaafu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa zamani wa chama hicho hicho, naona mmekaa mbali mbali. Mama zangu wauza samaki. Familia za mabaharia wa meli yetu ya Hanbit. Na wewe kichwa cha nguruwe uliyewekwa mezani ukitabasamu ili shughuli yetu ipate baraka: itifaki yote imezingatiwa! (Makofi. Dereva anasimama, anainama, anakaa.)

Mimi, Pyo Gwang-su, Mkurugenzi Mwandamizi wa Kituo cha Usuluhishi wa Haraka wa Migogoro ya Meli Zilizozuiliwa Bandari za Ng'ambo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia. Mwaka jana, hapa hapa bandarini Yeongdo, tulivuta kitambaa, ubao wa Kituo ukaonekana, tukapiga picha. Mwezi wa tano tukavuta tena, kwa sababu katika picha ya kwanza nilifumba macho. Leo tunavuta kwa mara ya tatu, na huo, mabibi na mabwana, ndio uendelevu wa kimkakati. (Vicheko. Mkurugenzi anadhani ni shangwe, anapunga mkono.)

Katika kipindi hicho Kituo kimetekeleza rodimapu yenye nguzo saba, kimeshirikisha wadau mtambuka, kimeandaa warsha ya kuandaa semina, na ninayo furaha kuwatangazia kwamba asilimia tisini na nne nukta mbili ya migogoro iliyofika mezani kwetu imetatuliwa kikamilifu. (Sauti ya mwanamke: "Meza yenyewe iko wapi, Mkurugenzi?")

Meza, Bi Ok, ni dhana. Kwa wasiomfahamu, huyu ni Bi Ok Jeong-im, mke wa fundi mkuu wa injini wa Hanbit, mama mwenye subira sana. (Bi Ok: "Subira imeniisha! Miezi tisa mume wangu hajakanyaga nchi kavu. Wanakinga maji ya mvua wanywe! Bandari ile inasema meli yetu imebomoa gati lao, na wanachotaka ili waiachie ni barua moja tu ya Kituo, yenye muhuri. Barua moja, jamani!")

Pole sana, mama yangu. Lakini barua si karatasi, barua ni mchakato, na mchakato hauwezi kukamilika bila muhuri, na Kamati Ndogo ya Muhuri, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, imekutana mara kumi na moja kujadili kama muhuri uwe wa duara au wa mraba, na nawahakikishia tumepiga hatua kubwa, kwa sababu pembetatu tumeshaiondoa. (Manung'uniko. Mzee mmoja: "Lo! Kumi na moja!")

Sasa nani tena huyu? Ah, Bi Tak Bong-rye, mwenye hoteli ya supu iliyo nyuma yangu hapa. Dada, supu nitaagiza nikimaliza, usinikatize. Karatasi ya nini? Imetoka bandari ile? Haya, lete. (Anavaa miwani.) "Hanbit imeachiwa leo saa mbili asubuhi. Mabaharia wote kumi na wanane ni wazima. Wanang'oa nanga." (Kelele. Bi Ok anakaa chini palepale, analia kwa sauti huku akicheka. Mwenyekiti wa manahodha na yule wa zamani wanakumbatiana, kisha wanakumbuka kwamba hawasalimiani.)

Mmeona? Mmeona! Nani alisema Kituo kimelala? Haya ndiyo matokeo yanayopimika! Naomba mwandishi wa gazeti aandike ninavyosoma, neno kwa neno: "Mamlaka ya bandari inakishukuru Kituo kwa barua yake ya tarehe tatu, iliyogongwa muhuri mwekundu wa..." (Anasogeza karatasi karibu na miwani. Umati: "Soma! Soma!") "...wa Supu ya Nguruwe ya Bong-rye, Hatuna Tawi."

(Bi Bong-rye, mikono kiunoni: "Sasa unanitolea macho ya nini? Si mliandika namba yangu ya simu kwenye ubao wenu? Nahodha wa Hanbit ananipigia kila Alhamisi, supu inafurika jikoni, mimi namwambia Mkurugenzi anakuja, Mkurugenzi anakuja. Nikaona aibu. Nikaandika barua, nikagonga muhuri wa hoteli. Hata kama kule kuna anayesoma Kikorea, si walitaka muhuri tu?")

Naam. Nihitimishe kwa shukrani. Kituo kinamshukuru Bi Tak Bong-rye kwa ukuta, kwa kuwa ukuta wetu bado uko katika hatua ya upembuzi yakinifu; kwa simu; kwa anwani; kwa kichwa cha nguruwe, ambacho saa saba kinarudi chunguni; na kwa muhuri. Bila yeye Kituo kisingekuwa na... Bila yeye Kituo kisingekuwepo. Kituo oyee! (Kimya.) Uendelevu oyee! (Mtu anakohoa.) Supu oyee? (Umati mzima: "Oyeeee!")

(Bi Ok anapanda jukwaani, anavuta kitambaa mwenyewe. Ubao umefunikwa kwa boksi la kabichi lililoandikwa kwa makaa: FAMILIA ZA HANBIT INGIENI, LEO SUPU NI BURE.)

Asanteni sana. Na viongozi, Bi Bong-rye, tuingilie mlango upi?

(Bi Bong-rye: "Huo huo. Ila wewe panga foleni.")