Gari Lenye Mafua

Jumatatu, 3 Juni

Shajara yangu, niwie radhi. Tangu mvua za mwaka jana sijakuandikia hata mstari. Sina udhuru. Nilikuwa nimekukalia. Ulikuwa chini ya mto wa kiti changu, nami nikimlaumu mke wangu kwa kukupoteza. Leo nimemwomba msamaha. Amesema ahsante, atauweka pamoja na ile mingine. Mwanamke mwema.

Sasa jambo lenyewe. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi. Ukumbi uko juu ya kilima. Tangu utotoni ameahidi kwamba siku hiyo atapelekwa na gari langu. Lakini gari langu halipandi kilima! Mara ya mwisho mkwe wangu aliteremka, akaenda kwa miguu, akafika kabla yetu, akatuagizia soda. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ana gari jipya, naye amejitolea. Amejitolea mara nyingi mno. Mjukuu ameniambia kwa upole: Babu, likipanda kabla ya Ijumaa, nitakwenda nawe; lisipopanda, nitakwenda na shemeji yako.

Nina mafua. Nimepanda ngazi za nyumbani pua imeziba, nikakwama katikati. Papo hapo nikaelewa. Gari linaumwa kama mimi! Halipati hewa. Ahsanteni, mafua.

Jumanne, 4 Juni

Nimefungua boneti. Chujio la hewa jeusi tititi, na ndani yake panya amejenga kwa sponji ya mke wangu ya kuoshea vyombo. Nimelitupa. Sikuweka jingine. Kwa nini injini ifungwe kitambaa puani? Gari likaruka! Likapita nyumba ya jirani kwa kishindo. Kisha ikaja barabara ya vumbi, penye kiwanda cha matofali. Likakohoa. Nikakohoa nalo.

Fundi, niliyemfundisha zamani darasani, hakucheka mbele yangu. Aliniuliza tu: Mwalimu, hivi wewe hulala jalalani mdomo wazi? Amesema vumbi hukwangua silinda kama msasa. Ameweka chujio jipya. Ameongeza kwamba mdomo wa kuvutia hewa umekaa nyuma ya rejeta, unavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haiishibishi injini. Mtu mwenye adabu. Namshukuru.

Jumatano, 5 Juni

Hewa baridi! Bomba tu, kutoka penye upepo hadi kwenye injini. Nimelipata chini ya sinki la jikoni. Jembamba, lenye kona nyingi, lakini lilikuwa karibu.

Gari limezidi kudhoofika. Limeshindwa hata kutoka getini. Shemeji alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mfukoni. Akauliza: shemeji, mgonjwa wako mbona unamnywesha kwa mrija? Kisha akavua koti, akanisaidia kusukuma. Nilimshukuru kwa sauti kavu.

Ndani, mke wangu alifungulia maji ya kuoshea vyombo. Yakamwagika miguuni pake. Hakupiga kelele. Alivua viatu, akaviweka mezani mbele yangu, akauliza kama nitavila hivyo hivyo au nasubiri vikauke. Nilisubiri.

Alhamisi, 6 Juni

Bomba pana, fupi, lililonyooka! Nimekata kipande cha bomba la mvua kutoka ukutani. Nimelishusha hadi chini ya bampa, ambako hewa ni baridi kama ya kisimani. Mdomoni nimeweka faneli kubwa. Nimeipaka rangi nyeupe, ya harusi.

Limepanda! Mke wangu mbele, magunia ya mchele nyuma, gia ya pili, na halikunung'unika. Mngurumo wa simba! Mke wangu alinishika bega, jambo ambalo hajalifanya tangu nistaafu. Mjukuu alipiga vigelegele, akamwambia mchumba wake asijisahau: mume wa kwanza ni Babu, na ana gari.

Fundi amekuja kutazama. Amesema kazi nzuri, ila mdomo umekaa chini mno. Niupandishe, usije ukanywa maji. Nilimshukuru sana. Lakini rangi haijakauka. Na mbingu ni nyeupe, haina wingu.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua tangu alfajiri.

Chini ya kilima, dimbwi. Nilipita polepole, kwa heshima ya shela. Faneli ikanywa. Gari likasema glu! Likanyamaza.

Shemeji alikuwa nyuma yetu. Alitandika gazeti juu ya tope, akafungua mlango wake, akamwita bibi harusi. Mimi nilitazama usukani. Sikuweza kutazama pengine.

Mjukuu akasema hateremki. Akasema yeye aliahidi gari la Babu, hakuahidi injini. Mwenye kamba na afunge kamba.

Shemeji akafunga kamba. Tukapanda tukivutwa, mimi nimekamata usukani kwa mikono miwili, bibi harusi akiwapungia watu kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Mkwe wangu alikuwa amekwisha kufika, soda mkononi. Nimemfikisha mjukuu wangu! Tena bila petroli hata tone. Nililia kidogo. Mafua.

Jumapili, 9 Juni

Sebule imelowa. Maji ya paa yalikosa bomba. Mke wangu anakausha zulia, naye anaimba. Wimbo siufahamu, lakini jina langu limo.

Fundi amefungua injini. Maji hayakandamiziki kama hewa. Vyuma vinavyoshika pistoni vimepinda. Gari litakaa kwake muda mrefu. Nimekiri kosa langu mbele yake: rangi nyeupe haikufaa.

Shemeji amesafiri. Ametuachia gari lake jipya ili tusihangaike. Ufunguo aliuweka mwenyewe kiganjani mwangu, akaniomba jambo moja: niliendeshe tu. Mtu kama huyu nimshukuru vipi? Maneno hayatoshi.

Nimefungua boneti, kutazama tu. Masikini shemeji! Mdomo wa hewa mwembamba kama filimbi, na hajawahi kulalamika. Ukutani bado kuna bomba la mvua la kutosha. Safari hii nitauelekeza mdomo juu, wazi kabisa, mbali na madimbwi, utazame mbingu. Kinachonitatiza ni kimoja: bomba lipite kushoto au kulia? Nikishaamua, nitakuandikia.