Mchoraji Asiyevuta

Jumatatu, 3 Juni

Sheria mpya imeanza leo. Marufuku kuvuta hadharani, marufuku matangazo ya sigara. Kabla sijanywa chai, vibarua wawili walishafika sokoni na ndoo ya chokaa. Ukuta wangu! Bwana mwenye kofia, sigara mkononi, upana wa milango miwili. Nilimchora siku kumi na moja juu ya ngazi. Wao wamemfuta kwa nusu saa, tena wakipiga mluzi.

Nilisimama kumuaga rafiki yangu. Sigara tatu. Kibarua akaniambia hata kuvuta sigara hapo hakuruhusiwi, nisogee mita kumi. Nikamuuliza mita za nani. Akachovya brashi kwenye ndoo. Watu wa chokaa hawana majibu.

Wakala wa kampuni ya sigara amepiga simu. Ananishukuru kwa miaka ishirini na miwili ya kuwachorea kuta. Amesema nisimpigie tena.

Mke wangu anasema Mungu amekionea huruma kifua changu. Nilitaka kumjibu vikali, kikohozi kikanishika. Sadfa tu.

Jumanne, 4 Juni

Habari njema. Kituo cha afya kinatafuta mchoraji wa mabango ya kukataza sigara. Milango kumi na miwili na ukuta wa mbele. Wakiridhika, shule nne zitafuata, kisha soko. Nikikosa hii, brashi nitaipeleka wapi? Nipake mabanda ya kuku?

Rula keshafika huko. Rula ni kaka wa mke wangu, naye hujiita mchoraji. Huchora kila kitu kwa rula. Aliwahi kuchora mwezi kwa rula. Herufi zake zimesimama kama watu wanaosubiri sindano.

Afisa afya ni mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kamba. Ana sharti moja: mchoraji asiwe mvutaji. Nikamwambia sijawahi kuonja, hata harufu yake sijui vizuri. Akatazama vidole vyangu. Vya manjano. Nikasema nimetoka kupaka rangi duka la mikate. Kichwa hiki!

Akasema vema, Alhamisi nitapimwa. Muuguzi ana kifaa. Unapuliza, kinaonyesha moshi uliomo kifuani.

Jumatano, 5 Juni

Maandalizi. Pumzi ikioshwa, kifaa kitasema nini? Nimejifukiza majani ya mikaratusi chini ya blanketi. Nimesukutua kwa limau. Nimezunguka nyumba mbio mara moja. Mara ya pili nilitembea.

Pia nimeacha sigara. Saa tatu asubuhi, moja kwa moja, bila kutetereka. Saa nne nikavuta moja ili mwili usishtuke.

Rula alipita akanikuta chini ya blanketi. Akamuuliza dada yake kama shemeji anazaa. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ukoo mzima hauna adabu.

Alhamisi, 6 Juni

Kifaa kibovu. Nilipuliza, kikawaka taa nyekundu. Muuguzi akabadilisha betri. Kikawaka nyekundu zaidi.

Nikalazimika kusema ukweli wa nyumbani: mke wangu ndiye mvutaji. Nimemsihi miaka mingi, hasikii. Muuguzi akasema kwa kipimo kile, basi mama huyo anavutia ndani ya pua yangu. Nikainamisha kichwa kwa huzuni.

Akanipa kifaa kingine, bomba la kupima nguvu ya pumzi. Akaniuliza umri. Hamsini na mmoja. Akasema mapafu yana sabini na nane. Nikamwambia basi ayape heshima ya wazee, ayaletee kiti. Akaleta. Nilikihitaji kidogo, chumba kilikuwa na joto.

Afisa alisita. Lakini wakubwa wake wanakuja Jumanne, na Rula anahitaji siku nzima kumaliza neno moja. Kazi ni yangu! Akanipa na kijikaratasi cha ushauri nimpelekee mke wangu.

Mke wangu amekisoma akiwa amesimama. Kisha akabeba mto wake kwenda kulala sebuleni, eti asinidhuru kwa moshi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemaliza! Siku mbili, milango yote na ukuta. Mkono ulikuwa unaruka wenyewe. Mara kwa mara nilikwenda nyuma ya tangi la maji, kuitazama kazi kwa mbali. Kutoka nyuma ya tangi haionekani, lakini mchoraji huona kwa moyo.

USIVUTE SIGARA. Nyekundu iliyoiva, ukingo wa dhahabu. Herufi zimelalia mbele kama zinakimbia. Ya mwisho ina mkia unaopanda juu kwa madaha. Sijui wazo lile lilitoka wapi. Kipaji.

Jumatatu, 10 Juni

Wivu umeingia kituo cha afya.

Niliitwa saa sita. Afisa anadai tangu asubuhi watu wanasoma ukuta na kumeza mate. Mzee mmoja mgonjwa wa pumu, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, aliomba wasimame mbele ya ukuta, akauliza kioski kiko upande gani. Mlinzi alikuwa ameacha sigara miaka minne. Amekamatwa na pakiti.

Akaniambia nitazame ukuta, nimwambie naona nini. Nikasema naona kazi nzuri. Ndipo akaokota pakiti kuukuu jalalani, akaishika juu, kando ya herufi zangu.

Nyekundu ileile. Dhahabu ileile. Zimelala vilevile. Mkia uleule.

Nikamweleza kwamba mkono wa fundi haufundishwi upya kwa siku mbili. Akasema nimechora tangazo la sigara kubwa kuliko yote mjini, tena ukutani mwa kituo cha afya, na kwa sheria mpya angeweza kunipeleka mahakamani. Kisha akauliza nani ameacha vipisi thelathini na kimoja nyuma ya tangi.

Nikasema mke wangu.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Ameniletea chakula.

Amegeuka nacho akarudi nyumbani.

Jumatano, 12 Juni

Kuta zote nimezipaka chokaa mwenyewe, ndiyo adhabu. Wale wakubwa walikuja jana wakamkuta mchoraji ngazini, mweupe kama mzuka, akikohoa. Walinitazama kwa muda mrefu. Heshima, nadhani.

Kazi amepewa Rula. Herufi nyeusi, zimenyooka, hazina ladha. Mtu anasoma, anaizima sigara, anapita. Hakuna anayemeza mate! Nikamwambia huo si uchoraji, ni tangazo la msiba. Akanijibu bila kugeuka: ndicho walichoagiza, shemeji.

Jumamosi, 15 Juni

Ushindi! Sasa wanataka picha: uso wa mvutaji aliyeharibika, chini ya onyo. Rula hawezi kuchora uso bila kuutazama, rula haina pua. Dada yake akamwambia mtu wa kutazama yupo, amekaa uani anakohoa.

Nimekaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Afisa alikuja, akanitazama mimi, akatazama karatasi, akasema isiongezwe kitu. Hatimaye mtu anayejua sanaa! Muuguzi naye akaniomba nirudi Jumatatu, nipigwe picha ya kifua. Nimemwambia picha moja inatosha.

Nitawekwa kituo cha afya, shule zote nne, na sokoni. Ukuta wangu wa zamani! Tena nitakuwa mkubwa mara mbili ya yule bwana mwenye kofia. Wakala ataniona kila siku akipita.

Mke wangu aliitazama picha muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya kanga.  Furaha humliza mtu.

Rula analalamika midomo inamshinda. Rangi ile ya kijivu inayoelekea buluu, anasema, haipati kabisa. Fundi wa rula! Nimemwambia asubiri kidogo. Nimekwenda nyuma ya choo na kuvuta mbili, rangi isije ikapauka kabla hajamaliza.