Bunju wa Chumba cha Mbele

Kinanda alikuwa kwenye korido akichokonoa meno, ingawa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, aliposikia bahati yake ikishuka ngazi huku ikilalamika.

"Waongo watupu!" alifoka Mama Funguo, mwenye nyumba, akikifunga chumba cha mbele ambacho mpangaji wake alikuwa amehama jana. "Wa kwanza aliniambia anauza vitabu, kumbe anafuga nyuki. Wa pili akasema anaishi peke yake, nikahesabu mashemeji saba! Safari hii hapangi mtu mpaka niujue moyo wake."

Kinanda akanyoosha kola. Walimpa jina hilo kwa sababu alipoanza kusema, hata asiyetaka alijikuta anatikisa kichwa.

"Mama yangu, moyo wa mtu ni kichaka. Lakini yuko samaki anayeuona."

"Samaki?"

"Akisikia uongo, anavimba. Nitakuletea."

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha la barabarani na mlango wake peke yake. Kinanda, ambaye kwa sasa alilala sebuleni kwa binamu yake, na mke wa binamu alikuwa ameanza kumuuliza anaondoka lini, alikitaka kwa kulala na kwa ofisi ya ushauri. Ushauri wa nini, hata yeye hakuwa amejua bado. Mwingine aliyekitaka alikuwa Fundi Viatu, aliyeshona miaka sita chini ya ngazi, paa likimvujia juu ya ngozi zake. Huyo hakuwa na maneno. Alikuwa na sindano tu.

Maji yalipokupwa, Kinanda akakunja suruali na kuingia kwenye tope la mlango wa mto, pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kinanda aliinama mpaka tai ikazama topeni. Akatoka na wavu mdogo wa kijani, na ndani yake bunju mmoja, ukubwa wa ngumi, mwenye madoa mgongoni na macho ya karani aliyekatishwa chai yake. Bunju huvimba akiogopa. Uongo na ukweli wa binadamu haumhusu hata kidogo. Lakini mjini nani anakumbuka hayo?

Akaazima tangi la kioo, na kwa siku tatu akafanya mazoezi sebuleni. Akimwonyesha bunju kile kiwavu cha kijani alichomvulia, bunju anavimba. Akikificha, ananywea. Mara arobaini kwa siku. Kinanda akajiona mwalimu hodari, asijiulize mwanafunzi anajifunza nini.

Siku ya maonyesho Mama Funguo aliinamia tangi akasema, "Mimi nina miaka ishirini na tisa."

Kiwavu kikachungulia nyuma ya koti. Bunju akawa mpira wa miiba.

"Usimchukie, mama. Ndiyo kazi yake."

Mama Funguo alimtazama samaki kwa muda mrefu, kisha akamtazama Kinanda kwa muda mrefu zaidi.

"Akae chumba cha mbele wiki mbili, aizoee nyumba. Halafu yeye ndiye atanichagulia mpangaji. Anataka maji gani?"

"Ya mlango wa mto tu, mama. Ya bomba yatamuua."

Hilo lilikuwa neno lake pekee la kweli mwezi ule, na ndilo lililomponza.

"Basi utayaleta. Ndoo sita kila asubuhi. Ziache mlangoni, fundi atamimina. Wewe usiingie, usije ukamchosha."

Wiki mbili nzima Kinanda alibeba maji mpaka mabega yakamshuka. Ndani, Fundi Viatu alimwonea huruma samaki aliyeachiwa makombo ya mkate. Akawa anamwokotea konokono na kaa wadogo, anamdondoshea mmoja mmoja baada ya kazi.

Siku ya hukumu wapangaji walijaa mpaka dirishani. Kinanda akaingia na tabasamu, kiwavu kikiwa tayari ndani ya mkono wa koti, ili fundi akisema tu bunju avimbe. Hajafungua mdomo, bunju akavimba. Akarudi nyuma hatua mbili, bunju akanywea. Akasogea, bunju akavimba tena.

"Jamani, sijasema kitu!"

"Ndiyo maana nashangaa," alisema Mama Funguo. "Anasikia mpaka unayoyawaza."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na maskini Kinanda angesema nini? Akisema samaki anajua waongo, mwongo ni yeye. Akisema hajui, mwongo ni yeye vilevile. Akakisukuma kiwavu ndani zaidi ya mkono wa koti.

"Fundi," aliita Mama Funguo, "chumba unakitakia nini?"

"Nishone viatu, mama. Pale ngazini mvua inaniozeshea ngozi. Nimechoka, kusema kweli."

Bunju akaja mpaka kwenye kioo, akamtikisia mkia, mdomo wazi akidai konokono wake. Watu wakapiga makofi. Fundi akapokea ufunguo na kufuta macho kwa aproni.

Walipotawanyika, Kinanda akalishika tangi.

"Acha hapo," alisema Mama Funguo.

"Samaki ni wangu, mama!"

"Haya, muulize."

Bunju alikuwa amevimba hadi macho.

"Mwanangu," alisema Mama Funguo, "mimi nimezaliwa kando ya tope lilelile. Nikiwa na meno ya utoto nilikuwa nawavimbisha hawa kwa kijiti. Huyu hajui mwongo ni nani. Anamjua aliyemvua."

Kinanda akakalia ndoo. "Kwa hiyo ulijua tangu mwanzo?"

"Tangu nilipokiona kiwavu chako kwenye kioo. Kioo kinarudisha picha, baba."

"Sasa mbona uliniacha nichote maji wiki mbili?"

"Nimetamani samaki wa nyumbani miaka mingi. Kwa mgongo huu ndoo sita ningezibeba mimi?" Akachagua ufunguo mmoja mdogo kwenye shada lake. "Chini ya ngazi pamebaki wazi. Panavuja kidogo. Nimepaweka kwa ajili ya mtu wa maji."

Kinanda akasema, kwa heshima zake zote, kwamba atalifikiria. Alipotoka, bunju akanywea.

Asubuhi ndoo sita zilikuwa mlangoni, zimejaa. Na chini ya ngazi mtu alikuwa ameandika kwa chaki: OFISI YA USHAURI.