Kompyuta Yenu Imemfuta Mke Wangu

Matinyani, Kitui
Machi 9, 1993

Kwa Meneja,
Benki ya Mkulima Hodari, Kitui.

Bwana Meneja mpendwa,

Natumaini hujambo, na kwamba mvua itakukuta umeshapanda. Mimi ni Ndila Muthama, mwalimu mstaafu na mteja wenu tangu mlipokuwa na dirisha moja na karani mmoja mwenye kikohozi. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika, tena kwa nambari, kwa kuwa nasikia siku hizi hamsikii kitu kisicho na nambari.

1. Mwezi uliopita mlimtuma kijana wenu, Yakub Othman, apite kwa wateja akikusanya habari za kuingiza kwenye kompyuta mpya. Ana adabu, ananiita Susu kama mjukuu yeyote wa hapa anavyomwita nyanya yake. Alikunywa chai, kisha akachora majedwali kwenye karatasi kubwa: hili la wateja, hili la akaunti, hili la jamaa za wateja, na mistari ya kuyaunganisha. Alinieleza kwamba kila mtu ataandikwa mahali pamoja tu, na mstari ndio utakaosema ni nani kwa nani. Nilimsifu sana. Hilo ndilo kosa langu la pekee.

2. Aliniuliza mume wangu ni nani. Nikamwonyesha Muthama, aliyekuwa akifukuza kuku. Muthama ana miaka sita. Ni mjukuu wangu, amepewa jina la marehemu mume wangu, na kila nyanya wa Ukambani humwita mjukuu wa namna hiyo mume wake, humdai kuni na kumgombeza akichelewa kurudi nyumbani. Yakub amezaliwa Kitui mjini, kwa hiyo sikuona haja ya kufafanua. Akaandika.

3. Akauliza kama kuna mwingine. Nikamwambia nina mke. Mungu hakunipa mtoto, Bwana Meneja, na mume wangu alipofariki nilifanya walivyofanya mama zetu: nilimwoa msichana, Mbula, kwa mbuzi watatu mbele ya wazee wa ukoo, aizalie nyumba hii watoto. Muthama ni mwanawe, na kwa desturi yetu mtoto wa mke wa namna hii huhesabiwa mjukuu wa aliyemwoa. Hakuna mtu Matinyani asiyelijua jambo hili, na mchungaji wetu, ambaye hakulipenda, huja kula Krismasi kwetu.

4. Wiki iliyopita nilikuja kutazama nilivyoandikwa. Nilimkuta Muthama, mume. Mbula hayumo. Nilipomuuliza Yakub, aliangalia viatu vyake. Lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, nikaelewa mwenyewe. Kwa mistari yenu Mbula ni mke wangu, na pia ni mama wa mume wangu, yaani mama mkwe. Napaswa kumtuma maji mtoni na papo hapo kumtekea maji. Kompyuta haikuweza kuishi na jambo hilo, ikambakiza bwana wa miaka sita na kumfuta mwenzake.

Hapo ndipo utani ulipoisha. Tarehe ishirini nitapasuliwa uvimbe wa shingo. Nisipoamka, shemeji yangu Kiema, anayelipenda shamba langu kuliko alivyompenda kaka yake, atakuja hapo kaunta kuuliza jamaa zangu ni akina nani. Ameshaanza kusema sokoni kwamba hata benki haimjui Mbula. Mwanamke aliyekuja kwangu akiwa na miaka kumi na tisa, akanilisha uji kwa kijiko nilipougua malaria, hana hata mstari mmoja! Nimeumia, na nasema wazi kwamba nimeumia.

5. Basi madai yangu. Kwetu ndoa haivunjwi kwa kubonyeza. Ikivunjika, aliyeoa hurudishiwa mbuzi wake. Kwa kuwa wale watatu waliliwa zamani na aliyeivunja ni kompyuta, benki ilete wengine. Kompyuta nayo iletwe, iwekwe kwenye kigoda mbele ya wazee, ijieleze. Matinyani hakuna umeme, kwa hiyo mje na umeme pia.

6. Kama hayo ni magumu, basi mume mliyenichagulia apewe haki zake zote. Fomu zangu atazitia kidole gumba, maana bado hajaanza darasa la kwanza.

Wasalimie makarani wote, askari wa mlangoni, na Yakub pamoja na mama yake Mwanamkasi.

Ni mimi niliyefutiwa mke,
Mwalimu Ndila Muthama

Nyongeza: Nilimpa Mbula barua hii aipeleke posta. Ameisoma, kwa kuwa nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, na sasa amekaa jikoni hataki kuniangalia. Anasema kompyuta haikumfuta. Yeye mwenyewe alimwomba Yakub amtoe kwenye jedwali la jamaa zangu, kwa sababu mtu haandikwi mahali pawili, naye alikuwa anaingia kwenye jedwali la wateja. Ana akaunti yake, ya maembe anayouza Emali, na ndiyo itakayolipa hospitali. Alimwapisha Yakub asiniambie, akijua ningezikataa fedha zake. Kutoka jedwali hilo la wateja mstari wake unakuja kwangu. Mahali pa uhusiano alipewa maneno manne achague. Hakuchagua hata moja, akamwambia Yakub aandike: wa nyumba moja. Mbuzi msilete. Kiema akija, mwonyesheni mstari huo.