Nyota Moja kwa Kuku wa Sindano

Jumatatu, 4 Novemba

Hili sijawahi kumwambia mtu: mimi si mpole. Watu wananiona nimejikunja pembeni na kitabu, wanasema, kijana mtulivu yule. Utulivu gani! Nimekaa napanga vita.

Vita vyenyewe ni hivi. Mwisho wa wiki chama chetu cha kompyuta kilikuwa na shindano: siku mbili, kila mtu atoke na gemu yake nzima. Leo tumeanza kupimana. Unacheza gemu za wenzako, unazipa nyota moja hadi tano kwa siri, na unaandika maoni yanayojenga. Mwalimu wa kompyuta kalisisitiza neno “yanayojenga” mpaka mate yakaruka. Baadaye kila mtu atarekebisha gemu yake, na Ijumaa watoto wa kidato cha kwanza watazicheza na kupiga kura. Mshindi anakwenda nyumbani na kompyuta ya chama likizo nzima.

Likizo nzima! Kwetu kuna simu ya mama tu. Ina ufa katikati, na shangazi hupiga kila ninapoishika.

Gemu yangu inaitwa Mkutubi. Anawafukuza watu wasiorudisha vitabu. Kazi ya akili. Mpinzani ni mmoja: Sindano, msichana wa darasa letu, mwembamba, ulimi umechongwa. Gemu yake ni kuku anayetoroka jikoni. Kuku!

Jumanne, 5 Novemba

Mkakati umekamilika. Nimempa Sindano nyota moja. Lakini nyota moja tupu inanuka wivu, kwa hiyo nikaifunika kwa maoni marefu yenye ushahidi. Mwizi mwenye risiti hakamatwi.

Ili nipate makosa ilibidi niicheze. Nikaicheza mpaka mlinzi akaja kufunga chumba, akaniuliza kama kwetu wamehama. Nimegundua haya: kuku anakwama kwenye sufuria ya pili. Mpishi ana mbio mno mwanzoni. Muziki unaendelea hata kuku akifa, jambo lisilo na adabu. Kila kosa nikaliandikia na dawa yake. Kurasa mbili! Kwa kazi ya hila, imetoka safi sana.

Kisha nikamfuata binamu yangu, naye ni mwanachama. Gemu yake ni mpira unaoanguka. Basi. Unaanguka, umemaliza. Nikamwomba anipe tano nami nimpe tano. Akasema Profesa (ndivyo anavyoniita), mkono mtupu haulambwi, ongeza kazi yangu ya hesabu. Nikaongeza.

Alhamisi, 7 Novemba

Maoni yamerudi, yamechapwa, hayana majina. La kwanza: “Kali mno! Usiguse kitu!” Nyota tano. Binamu huyo. Damu nzito kuliko maji, hasa maji yakiwa na hesabu ndani.

La pili limenichefua. Linasema picha ni nzuri, ila kitufe cha kuanzia kimekaa kwenye rafu na kina rangi ileile ya vitabu; kitiwe rangi nyingine, maana gemu hii inastahili kuchezwa. Nyota nne. Nani mwingine kama si Sindano? Nyota nne za kunipumbaza! Sijagusa kitu.

Yeye kayabandika maoni yangu kando ya skrini, anarekebisha mstari kwa mstari huku anaimba. Sikuupenda ule wimbo.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimekwisha.

Kuna sheria: watoto wakicheza, mwenye gemu anasimama nyuma ya kiti na hafungui mdomo. Sheria niliyoipenda kuliko zote, maana mbele za watu mdomo wangu huwa haufunguki. Mtoto wa kwanza akakaa. Akaitazama rafu. Akaitazama tena. Akaniuliza, kaka, hii picha inaisha saa ngapi? Nikakikodolea kitufe macho ili aelewe. Akadhani naumwa, akamwita mwalimu. Wa pili akasifu vitabu vilivyochorwa, akaenda zake. Wa tatu akasinzia.

Kule kwa kuku, watoto wanasukumana! Sufuria haikwamishi tena, mpishi anaanza taratibu. Kuku akifa, muziki unanyamaza, na mtoto mmoja kavua kofia. Ule ukimya ni wazo langu!

Sindano kashinda. Kaikumbatia kompyuta, kasema ushindi ni wa yule aliyemwandikia kurasa mbili, ajitokeze. Likizo anatengeneza gemu mpya, ya paka fundi saa, na anataka yeye na mwenye jicho kama lile watumie kompyuta kwa zamu.

Moyo wangu ukaruka. Miguu ikabaki. Kabla sijakohoa, binamu kasimama! Binamu wa mpira! Anapunga mkono, anapokea makofi. Sindano akamwuliza kwa upole wa kutisha: sasa ndugu yangu, mbona ulinipa nyota moja? Binamu akasema yeye alikuwa ananyoosha mgongo tu, akakaa. Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa woga.

Jumamosi, 9 Novemba

Mama kaniuliza mbona sili. Nikamsimulia kama kisa cha rafiki yangu. Akasema huyo rafiki aende akaseme ukweli na kuomba radhi, njia ya mwongo ni fupi. Mama hajui mikakati. Halafu shangazi akapiga.

Nimetafakari peke yangu na kosa nimeliona: niliandika makosa. Makosa ndiyo yaliyompa Sindano ushindi. Mtu hapati rafiki wala kompyuta kwa kutaja sufuria za watu.

Basi nikachukua karatasi mbili. Nikaandika maoni yanayojenga juu ya gemu ya paka fundi saa, ambayo bado haijatengenezwa. Nikaisifu mwanzo, kati na mwisho. Sikutaja dosari hata moja. Nikaipa nyota tano, nikachora na ya sita kwa kalamu nyekundu, nikaandika jina langu kamili. Nikatembea hadi kwao, nikazipitisha chini ya mlango, nikagonga, nikakimbia.